Futa Namba Kabla ya Kula

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa bendera nyekundu, koti la rangi ya chungwa lililonifika magotini, na kofia ngumu yenye jasho la mtu mwingine. Nikapandishwa nyuma ya bakkie, pikapu ya kazi, pamoja na wanaume wenye sepetu, tukashuka kwenye barabara kuu ya N2 upande wa Isipingo, nikasimamishwa pembeni mwa lami. Kamio la kwanza, lori kubwa la mizigo, lilipopita, upepo wake ulinizungusha kama shuka kwenye kamba. Nilikuwa nimezaa watoto wanne, nimetoka Bukavu hadi Durban kwa mabasi ambayo sitaki kuyakumbuka, nimesuka nywele za watu kule Albert Park mpaka vidole vikawa kama vijiti. Sikuwa mwoga. Lakini siku ile niliishika bendera kwa mikono miwili nikaanza kuirusharusha.

"Mama, bendera siyo ya kufukuza kuku," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa Thandeka, mwanamke wa Kizulu wa mabega mapana. Yeye ndiye alikuwa bendera wa kwanza wetu. Kila kikosi cha barabara kina mtu huyo. Anasimama mbele kabisa, peke yake, mbali na wenzake, ndiye anayekutana na magari kabla ya mtu mwingine yeyote. Nyuma yake zinafuata koni za plastiki zinazofunga njia moja kidogo kidogo, halafu kamio lenye mshale wa taa mgongoni, halafu watu wanaoziba mashimo. Bendera wa kwanza asipoonekana, wengine wanagongwa wakiwa wameinama, matako juu. Ninasema vile ilivyo.

Akanishika mkono akauweka kwenye goti langu. "Anzia hapa. Panda polepole mpaka begani, halafu shuka. Usirusherushe. Dereva wa safari ndefu analala macho wazi. Wewe unamwamsha, haumshtui. Ukimshtua atakuja kwako."

"Na asipoamka?"

"Unaruka. Na wewe umevaa sketi."

Nilikuwa nimevaa sketi. Kesho yake nilikuja na suruali ya marehemu mume wangu, nikaifunga kwa kamba, na hiyo ndiyo nililia nayo na kucheka nayo mpaka ikachakaa.

Kwa nini ninaandika mambo haya? Kwa sababu ninyi vijana mnaopita N3 na simu mapajani mnaona namba za mwendo zinawaka juu ya barabara, mara mia, mara themanini, mara hakuna kitu, na mnasema zimeharibika. Nimekaa chini ya namba zile sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini kazi hii ninaijua, na ninaweza kuieleza.

Foromani wetu wa kwanza alikuwa Mista Govender, mtu wa Bluff, mwembamba, anayevua samaki kila Jumamosi na kuwazungumzia mpaka Alhamisi. Foromani ndiye mkubwa wa kikosi barabarani. Juu yake iko injinia, ambaye anakuja na viatu safi na kuondoka na viatu safi. Mista Govender hakupiga kelele. Alikuwa na neno moja ambalo alilirudia kila asubuhi tukipakia koni: "Hatumsimamishi mtu. Tunamwambia mapema."

Mwanzoni kumwambia mapema kulikuwa ni ubao wa bati. Tunausimamisha asubuhi, tunauangusha jioni. Upepo ukiupiga, unalala kwenye nyasi, na dereva haambiwi kitu. Baadaye yakaletwa yale madaraja ya chuma yanayovuka barabara kutoka upande hadi upande, hakuna anayepita juu yake, yanabeba ubao mweusi tu. Ndani ya ubao iko vitaa vidogo vidogo, vingi kama mbegu za ufuta. Vikiwaka vingine na kuzimika vingine, vinatoa namba. Namba ikiwa ndani ya duara jekundu, hiyo ni sheria kama ile ya bati, polisi anaweza kukuandikia. Hawaitupi kwako kwa mara moja. Ukitoka na mia na ishirini, daraja la kwanza linakwambia mia, la pili themanini, la tatu sitini, kama mtu anayemtelemsha mtoto kutoka kitandani bila kumwamsha.

Thandeka aliutazama ubao ule siku ya kwanza umewaka, mikono kiunoni. "Sasa wamepata bendera wa kwanza mwingine," akasema. "Huyu hachoki na haendi msalani."

"Haruki pia," nikamwambia.

"Hana haja. Mimi ndiye niko chini."

Huo ndio ulikuwa ukweli wa kazi yetu kuanzia siku ile. Dereva akiamini namba, anafika kwa Thandeka akiwa mpole. Asipoamini, anafika na mwendo wote. Katikati ya namba na mwili wa Thandeka hakukuwa na ukuta. Kulikuwa na imani ya watu wasiotujua, basi.

Tulihamishwa kutoka N2 tukapelekwa N3, kule juu kupita Hillcrest, kwenye miinuko inayomezwa na ukungu. Nilipapenda kama mtu anavyopenda ndoto. Unaondoka chini mjini na jua na harufu ya bahari, unapanda, unapanda, na ghafla bakkie inaingia ndani ya ukungu mweupe kama maziwa. Milima inapotea. Mkono wako mwenyewe unakuwa wa mtu mwingine. Magari yanakuja kwanza kama sauti, halafu kama mwanga wa njano usio na umbo, halafu yanakuwa magari kwa muda mfupi mbele yako na kuyeyuka tena. Mara nyingine ukungu ulifunguka juu tu, nikaona daraja la chuma linaelea bila miguu, na sitini nyekundu inawaka katikati ya mbingu. Nilisimama pale na bendera yangu nikafikiri ya mama yangu, ya ziwa la Kivu asubuhi, ya watu waliokufa. Halafu Thandeka anakohoa huko mbele, na ninajua bado niko duniani, niko kazini.

Kule juu ndiko tulipoanza kuongea na Mama wa Skrini. Hatukumwona. Alikuwa anakaa mbali, ndani ya chumba chenye skrini ukuta mzima, na sauti yake ilikuja kwenye redio ya mkononi, laini, haina haraka, kama mtu anayekuongelesha ukiwa nusu usingizini. Ndiye aliyekuwa na namba zote. Iko nyaya zimelazwa chini ya lami zinazohesabu magari na mwendo wao. Iko kamera, lakini haifiki kila kona. Iko kisanduku kwenye nguzo kinachorusha mwanga kwenda kwa mwenzake; mwanga ukifika umefifia, kinajua ukungu umeshuka. Vyote vinampelekea habari, lakini vyombo havijui kama Thandeka ameingia barabarani au ametoka. Hilo analijua kwa mdomo wetu tu.

Siku moja nilimwuliza kwenye redio kwa nini anaweka themanini kwenye sehemu ambayo haina ukungu na haina sisi.

"Mbele kule magari yameanza kusongamana, Mama Furaha," akasema. "Nikiwaachia hawa waje na mwendo, wote wanafika pamoja na wote wanasimama. Nikiwapunguza, wanafika wachache wachache na hakuna anayesimama."

Nikafikiri kidogo. "Kama unga wa bukari, ugali wetu. Ukimwaga wote kwenye maji mara moja unapata madonge."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Mimi ninapika uphuthu, ugali wa Kizulu," akasema, "sisi tunayataka hayo madonge. Lakini nimekuelewa."

Mista Govender alikuwa na sheria moja ambayo wanaume waliichukia. Saa ya kula ikifika, hatuli. Kwanza tunaondoka kwenye lami, sisi na kamio na koni zote, tunavuka kingo za chuma na kukaa kwenye nyasi. Halafu yeye anabonyeza redio: "Skrini, barabara iko safi, futa namba." Tunatazama juu mpaka sitini inazimika na ubao unabaki mweusi. Ndipo anafungua chakula chake. Tukirudi kazini, anaomba namba tena, tunasubiri iwake, tunasubiri magari yaliyokwisha kupita chini yake yaishe, ndipo Thandeka anaingia kwanza.

Vijana wa sepetu walilalamika. "Bosi, chai inapoa. Iacheni iwake, inatudhuru nini?"

"Dereva anapita hapa kila siku," Mista Govender akasema huku akipuliza chai. "Leo anaona sitini, anapunguza, hakuna mtu. Kesho sitini, hakuna mtu. Keshokutwa unataka akuamini wewe?"

Alipostaafu kurudi kwa samaki wake, tulipewa foromani mpya. Alikuwa kijana wa adabu, mcha Mungu, anamwita Thandeka "Ma" na mimi "Ma" vilevile. Hakuwa mtu mbaya. Shida yake ni kwamba alituhurumia. Alitukuta kwenye nyasi tunakula huku makamio yanapita na mwendo wote nyuma ya migongo yetu, sahani zinatetemeka, na roho ikamwuma.

"Kuanzia leo namba haifutwi mpaka jioni," akasema. "Ma, kuleni kwa amani."

Na kweli tulikula kwa amani. Wiki ile ya kwanza magari yalipita taratibu kama ng'ombe wanaorudi nyumbani. Nilisikia ndege kwenye nyasi. Mtu aliyelala baada ya sombe yangu ya majani ya muhogo aliota. Kijana mmoja wa sepetu akasema Mista Govender alikuwa anatutesa bure. Hata siku zile tulizomaliza kazi mapema tukaondoka, sitini ilibaki juu, inawaka mchana kweupe kwenye barabara tupu, mpaka Mama wa Skrini alipoambiwa jioni.

Thandeka ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa na namna ya kusoma magari ambayo alinifundisha: usitazame dereva, tazama pua ya gari. Anayekanyaga breki, pua ya gari inainama kidogo. Ikiinama mbali, chini ya ubao, amesoma namba. Ikiinama mbele yako, amekuona wewe tu. Isipoinama, ruka.

"Hawainamii namba tena, Mama Furaha," akaniambia tukikunja bendera. "Wote wananiinamia mimi. Leo wengine wamenipigia honi, kama vile ninauza machungwa barabarani."

"Mwambie foromani."

"Nimemwambia. Ameniletea keki."

Siku yenyewe ukungu ulishuka baada ya chakula. Tulikuwa tumekaa sana kwenye nyasi, na sitini ilikuwa inawaka juu tangu asubuhi bila mtu chini yake. Foromani alisema namba ipo tayari, hakuna cha kusubiri, tuingie. Thandeka akaenda mbele, ukungu ukamfunga mgongo, nikabaki naona wekundu wa bendera yake tu, unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama kitu kinachopumua. Kulikuwa kimya, na pazuri. Halafu nikasikia kamio la miwa linatelemka, na sauti ya injini haikubadilika lilipopita chini ya daraja. Mtu akipunguza unasikia. Haikubadilika kabisa.

Bendera ilipanda ikashuka, kisha sikuiona tena.

Kamio likatokea kubwa, likafagia koni, koni zikaruka kama bata, dereva akashika breki na miwa ikamwagika njia mbili. Lilisimama likiwa limepishana na wenye sepetu kwa upana wa mlango. Mimi nilikimbia mbele, nikamwita Thandeka, ukungu ukanirudishia jina lake. Nilitembea nikipapasa kingo za chuma kwa mkono kama kipofu. Nilimkuta upande wa pili, chini kwenye nyasi ndefu, amelalia ubavu, kiatu kimoja hakipo, mkono umekunjwa mahali ambapo mkono haukunjwi.

"Nimeruka," akasema. "Uliona nilivyoruka?"

"Sikuona kitu, iko ukungu."

"Eish. Mruko wote ule."

Foromani alifika akapiga magoti, redio inaita mkononi mwake. Mama wa Skrini ameona kwa nyaya zake magari yamesimama ghafla na anauliza kuna nini. Thandeka akainyang'anya redio kwa mkono mzima.

"Skrini, sitini ile iko juu tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, Ma. Mlikuwa kazini."

"Hatukuwa kazini. Tulikuwa tunakula. Kabla ya hapo tulikuwa tunangoja lami iletwe. Jana ikiwaka hivyo, sisi tulikuwa nyumbani."

Ndipo foromani akaichukua redio taratibu, akasema yeye mwenyewe, bila kuulizwa, "Ni mimi, Mama. Mimi ndiye niliyewaambia waiache." Nilimheshimu tangu siku ile.

Thandeka akapelekwa hospitali, akafungwa plasta. Sasa mahali pa bendera wa kwanza pakawa wazi, na sisi bendera tulikuwa wawili tu. Watoto wangu walinikataza. Furaha, binti yangu mkubwa, alisimama mlangoni pa flati yetu Albert Park akasema hanipishi. Nilimwambia bendera ile ndiyo iliyomsomesha, anipishe. Lakini nikamwambia foromani mbele ya kikosi chote: nitasimama mbele kama namba itakuwa ya kweli. Tukitoka, inafutwa. Tukinywa maji tu, inafutwa. Akakubali kabla sijamaliza.

Mnafikiri mambo yalirudi mara moja? Hayakurudi. Barabara ina kumbukumbu. Nilisimama mbele na kutazama pua za magari chini ya ubao, na pua hazikuinama. Zilikuja juu, zimenyooka, zimedharau, zikainama kwangu dakika ya mwisho. Kila nilipoinua bendera niliuhisi mkono wa Thandeka juu ya mkono wangu. Tuliwasha namba, tukafuta namba. Chai ilipoa. Hakuna aliyelalamika. Siku zikapita hivyo, ukungu, jua, ukungu, na mimi nikiwa kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo haijulikani kama iko na watu.

Wa kwanza kuinama alikuwa teksi. Mnajua jinsi watu wa Durban wanavyowasema madereva wa teksi, hawasimami kwenye robot, zile taa za barabarani, hawamwogopi Mungu wala polisi. Basi huyo. Combi nyeupe, kibasi cha abiria, imejaa, muziki unapiga mpaka nyasi zinacheza. Ilipita chini ya sitini na nikaona pua inainama, kule mbali, chini ya ubao kabisa. Nyuma yake gari lingine likainama kwa sababu lilikosa pa kupita. Halafu lingine. Alipofika kwangu alikuwa anakwenda mwendo wa harusi. Akatoa kidole kimoja nje ya dirisha kunisalimia.

"Leo mko kweli, Gogo," akasema, akiniita bibi kwa Kizulu, akapita.

Niliwaza neno lile mpaka jioni. Yeye hupita kila siku; alikuwa ametuchunguza, ametupima, na ameamua. Waliobaki waliamua mmoja mmoja, nyuma yake. Thandeka aliporudi na mkono wake umepinda kidogo, alisimama mahali pake, akatazama pua za magari asubuhi nzima. Saa ya kula, ubao ulipozimika, ndipo akasema, "Wanainama," akafungua bakuli lake.

Sasa nimestaafu. Miguu imevimba, masikio yanavuma lami hata nikiwa kanisani, na usiku mwingine ninaona lile daraja linaelea bila miguu. Thandeka yuko hai, anaishi kwa mwanawe, tunapigiana simu tunatukanana. Hiyo kwangu ni pensheni. Sijajenga nyumba wala sikupata cheo. Lakini iko watu wengi sana waliofika nyumbani wakala jioni yao, na hawajui kwamba walikuwa wangu kwa muda mfupi, pale kwenye ukungu. Ninajivuna, ndiyo. Nani ananikataza?

Mwezi uliopita mjukuu wangu Neema, binti ya Furaha, alinichukua kwa gari lake tukaenda Pietermaritzburg kwenye ubatizo. Amepata leseni juzi tu. Anga lilikuwa safi kama bakuli lililooshwa. Tukafika kwenye daraja la kwanza: mia. La pili: themanini.

"Koko, ona," akasema. "Jua kali, barabara tupu. Hawa wamelala huko kwenye mashine zao."

"Shuka themanini."

"Wote wananipita."

"Wapite. Wewe shuka."

Akashuka, huku akinuna kama mama yake. Tulikwenda polepole kati ya mashamba ya miwa, upepo unaingia dirishani, na nikahisi kitu ambacho sikuwahi kukihisi katika kazi yote: nilikuwa upande wa pili, mimi ndiye ninayeambiwa mapema. Sikujua mbele iko nini. Niliogopa kidogo kwamba hakuna kitu, kwamba siku hizi wanaacha tu namba iwake na mtoto huyu atajifunza leo kutoiamini.

Tulipiga kona. Hakuna msongamano. Hakuna ajali, hakuna koni.

"Sikukuambia?" Neema akasema. "Hakuna kitu."

Niliona bakkie imeegeshwa nje ya kingo za chuma, na kwenye nyasi wanawake wawili na vijana wa sepetu wanakaa chini, makoti ya chungwa yamefunguliwa vifungo. Mmoja alikuwa na bakuli mapajani, kifuniko bado kimefungwa, na alikuwa ametazama juu. Wote walikuwa wametazama juu. Nikainama mbele kwenye kioo nitazame wanachokitazama. Ni daraja lililofuata, na sitini juu yake, na tulipokaribia ilizimika, ubao ukawa mweusi kabisa.

"Sasa unaweza kwenda," nikamwambia.